Hesabu Pumzi za Mbuzi Saa Nane Mchana



Kuna maneno tunayoyasikia karibu kila mahali tunapotembelea: "Mbuzi ni mnyama wa jua. Anayetafutiwa kivuli ni ng'ombe." Na tukisema ukweli, sisi wenyewe tumeyasema maneno hayo, tena tukiwa tumesimama mbele ya watu na chaki mkononi. Somo la leo ni la kuyarekebisha, kwa sababu yalitugharimu mbuzi wawili na karibu yatuvunjie kikundi.

Ilikuwa Februari 2022, wakati wa kile kiangazi kirefu ambacho mvua ilikosa msimu baada ya msimu. Tuliitwa na kikundi kimoja upande wa Ikutha, kusini mwa Kitui. Wengi ni kina mama, na wazee watatu. Kazi yao ni mbuzi wa maziwa, wale machotara ambao baba ni Toggenburg na mama ni wa kienyeji. Utaratibu wao mnaujua, maana wengi wenu mnao: aliyepewa jike humtoa jike wa kwanza atakayezaliwa, akampa mwenzake anayefuata kwenye orodha. Kumi na wawili walikuwa wamepata, saba bado walikuwa wanangoja. Ndani ya wiki moja mbuzi wawili wakafa, na wa tatu akatoa mimba.

Tulipofika tulikuta mikeka imetandikwa pande mbili za mti, na mnajua maana yake. Mama mmoja aliyefiwa na mbuzi alisema kuna jirani mwenye kijicho. Upande wa pili wakasema, "Huyo hakulisha, alimwachia mtoto wa shule." Mwingine akaleta kesi ya beberu wa kikundi: majike wanne wamepandwa na hakuna hata mmoja aliyeshika mimba, kwa hivyo beberu auzwe, na mzee anayemtunza alipe gharama. Mzee naye akasimama akachukua kofia yake. Katibu aliacha kuandika.

Aliyetuokoa alikuwa nyanya mmoja ambaye watu wote pale humwita Susu. Yeye hakuwa na mbuzi wa maziwa, alikuwa namba tano kwenye orodha ya kungoja. Aliuliza tu, "Hawa mbuzi wenu mbona wanahema kama wamefukuzwa na fisi, na hawajatoka bandani tangu jana?"

Basi tukainuka wote tukaenda kwenye banda lililo karibu. Ilikuwa saa nane mchana. Kijana mmoja akatoa simu yake, akaweka dakika moja, na Susu akahesabu ubavu wa mbuzi ukipanda na kushuka. Alipita mia moja na ishirini. Tukamtoa yule mbuzi polepole, tukamfunga chini ya mkwaju ulio nyuma ya nyumba, tukampa maji, tukakaa. Baada ya nusu saa Susu akahesabu tena: hakufika hata sitini. Mbuzi ni yule yule, siku ni ile ile. Kilichobadilika ni paa tu.

Hapo tukaanza kulitazama lile banda kwa macho mengine. Paa la mabati, chini kiasi kwamba mtu mzima huinama. Kuta za udongo kutoka chini hadi juu bila nafasi. Mlango ulitazama magharibi, jua la jioni linaingia moja kwa moja. Mtu mmoja akauliza, "Ni nani alituambia tujenge hivi?" Hakuna aliyejibu, lakini wote walitutazama sisi.

Ni kweli, ni sisi. Ule mchoro tuliwapa kwenye semina. Tulisema kuta zizibwe ili upepo usilete homa ya mapafu, na chui asipate pa kuingilia. Mchoro wenyewe tulikuwa tumeutoa sehemu za Mlima Kenya, ambako mbuzi hawa wa maziwa walianza kusambazwa kwa wakulima wengi miaka ya 1990, Meru na Nyeri. Huko usiku ni baridi na mchoro ule una maana. Ikutha joto la mchana la Februari hupita digrii 30, na siku mbaya hukaribia 35. Tulichukua nyumba ya mlimani tukaipeleka nyikani.

JOTO LA MBUZI HUTOKA WAPI

Mbuzi mzima ana joto la mwili la digrii 38 na nusu hadi 39 na nusu hivi. Ni juu kidogo kuliko letu. Kazi ya mwili wake mchana kutwa ni kulizuia lisipande zaidi.

Joto humjia kwa njia mbili. Ya kwanza tunaijua: jua, ardhi iliyochomeka, na paa. Hili la paa ndilo watu husahau. Wanasema, "Lakini yuko kivulini!" Ingia chini ya mabati yaliyo chini saa nane, inua kiganja chako karibu na bati bila kuligusa. Utasikia joto likikupiga mkononi kama la jiko. Sasa mgongo wa mbuzi unapigwa hivyo kwa saa tano au sita. Yuko kivulini, ndiyo, lakini kivuli kile kinachoma.

Njia ya pili iko ndani ya mbuzi mwenyewe. Tumbo lake la kwanza ni kama pipa la pombe ya kienyeji: majani yanachachuka mle ndani, na kitu kinachochachuka hutoa joto. Akila sana majani makavu na magumu, joto hilo huongezeka saa chache baada ya kula. Kwa hivyo mbuzi aliyepewa mabua ya mahindi saa nne asubuhi anawashiwa moto wa ndani saa ile ile jua limefika utosini. Mbuzi wa maziwa ana mzigo zaidi, kwa kuwa anakula zaidi na mwili wake unafanya kazi zaidi ya kutengeneza maziwa. Ndiyo maana machotara wale walianguka na wale wa kienyeji wa jirani wakabaki wamesimama.

Kulitoa joto, mbuzi hutoka jasho kidogo, lakini tegemeo lake kubwa ni pumzi. Akihema, maji hutoka kwa njia ya pua na mdomo na kubeba joto. Pembe pia husaidia, maana zina damu ndani na hupoza damu hiyo. (Wale wanaochoma pembe za vitoto ili wasipigane, mfikirie jambo hili kabla ya kufanya hivyo katika sehemu za joto.) Rangi nayo ina neno lake: manyoya meusi hunywa jua, meupe hulirudisha. Mtazameni mbuzi wa Galla, yule wa kutoka kaskazini na kaskazini mashariki. Manyoya yake ni meupe, mafupi, lakini ngozi ya pua na masikio ni nyeusi. Nyika imemchagua hivyo kwa miaka mingi.

JINSI YA KUHESABU

Huna haja ya mashine. Simama nyuma ya mbuzi kidogo kando, usimshtue, mwache atulie kwanza. Tazama ubavu. Ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Kama anasumbua, hesabu nusu dakika halafu uongeze mara mbili.

Mbuzi aliyetulia mahali pa baridi huvuta pumzi kama 15 hadi 30 kwa dakika. Akifika 40 hadi 60 anaanza kusikia joto, lakini anamudu. Kati ya 60 na 80 anataabika. Kutoka 80 hadi 120 ana taabu kubwa, na hapo maziwa hupungua na mimba huwa hatarini hata kama unamwona amesimama vizuri. Akifungua mdomo, ulimi nje, mate yakimtoka, shingo ameinyosha, hiyo si hali ya kungoja jioni.

Hesabu mara mbili kwa siku: alfajiri kabla ya jua, na saa nane mchana. Ile ya alfajiri ndiyo yenye siri. Mbuzi anayesumbuliwa na joto tu, usiku ukiingia hutulia, na alfajiri hesabu yake ni ya kawaida. Lakini mbuzi anayevuta pumzi za haraka hata alfajiri, nje kukiwa na ubaridi, huyo ni mgonjwa. Inaweza kuwa homa ya mapafu ya mbuzi, na hasa ukiona kikohozi, makamasi, kuguna anapopumua, na wenzake wanafuata siku chache baadaye. Macho yakitoa uchafu, vidonda mdomoni na kuharisha, fikiria sotoka ya mbuzi na kondoo. Katika hali hizo mtenge, usimpeleke sokoni wala kwa jirani, na mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Kivuli hakitibu homa ya mapafu. Tunasema haya kwa sababu tangu somo hili lianze kuenea tumekutana na baba mmoja aliyekuwa anamwagia maji mbuzi mwenye homa kwa siku tatu.

KUREKEBISHA BANDA

Kikundi cha Ikutha hakikubomoa banda hata moja. Walifanya siku moja moja kwa kila boma, kama wanavyofanya palizi ya kusaidiana.

Jambo la kwanza, na ndilo lililosaidia kuliko yote, lilikuwa kutoboa kuta. Nusu ya juu ya ukuta wa kaskazini na wa kusini iliondolewa, mahali pake pakapigiliwa fito nene karibu karibu, mkono upite lakini kichwa cha fisi kisipite. Upepo ukaanza kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wazee waliogopa kwamba mbuzi watapata baridi ya mapafu. Lakini banda lililozibwa ndilo hujaza harufu kali ya mkojo, ile inayochoma macho, na harufu hiyo ndiyo huchubua mapafu na kufungulia magonjwa mlango. Julai kunapopoa sana, magunia huning'inizwa upande unaovuma upepo usiku, na asubuhi hufunguliwa.

Jambo la pili lilikuwa paa. Anayejenga upya aweke nyasi, si mabati, kama nyasi zinapatikana, au ainue mabati mpaka mtu mrefu asimame bila kugusa na abakishe nafasi juu ya ukuta joto litokee. Aliye na mabati tayari asiyang'oe. Atengeneze dari ya fito na nyasi, futi moja hivi chini ya bati, upepo upite katikati ya dari na bati. Mabua ya mtama pia yanafaa. Kupaka chokaa nyeupe juu ya mabati husaidia, lakini chokaa huoshwa na mvua na itabidi urudie, kwa hivyo sisi tunaona nyasi ni bora. Angalizo moja: dari ya nyasi na moto wa jikoni havikai jirani.

Kwa banda jipya, urefu wake uelekee mashariki na magharibi, yaani ncha fupi ndizo zitazame macheo na machweo. Jua la kwetu hupita karibu utosini, na banda lililolala hivyo hupata kivuli ndani karibu siku nzima. Sakafu ya mbao au mabanzi iinuliwe kutoka ardhini kama nusu mita, nafasi kati ya mbao iwe ya upana wa kidole, ili samadi ianguke na upepo upande kutoka chini. Usiwasonge. Kila mbuzi mzima apate angalau hatua mbili kwa hatua moja, kwa sababu mbuzi naye ni jiko, na majiko sita katika chumba kimoja mnajua yanavyokuwa.

Na mti. Mti ni bora kuliko banda lolote kwa saa za mchana, kwa kuwa majani yake hayachomeki kama bati. Mkwaju una kivuli kizito. Mwembe pia. Mgunga kivuli chake ni chepesi, lakini maganda yake yakianguka ni chakula. Katika Kitui wengi wanapanda mukau kwa ajili ya mbao, nao majani yake huliwa na mbuzi wakati wa kiangazi, kwa hivyo mti mmoja unafanya kazi tatu. Panda upande wa magharibi wa banda, kwa sababu jua la saa tisa na saa kumi ndilo kali kuliko la asubuhi. Uzungushie miiba mpaka ukue, la sivyo unayemkinga ndiye atakayeumaliza.

MAJI, NA HESABU YAKE NGUMU

Hapa hatutaki kuwadanganya. Mbuzi asiyekamwa, siku ya joto, anahitaji lita 4 au 5. Anayekamwa anaweza kutaka 8 na zaidi. Maziwa yenyewe karibu sehemu tisa katika kumi ni maji, hayatoki hewani. Mbuzi wawili wa maziwa, basi, ni karibu mtungi mzima wa lita 20 kila siku ya Mungu.

Sasa mtungi huo unatoka wapi? Katika kiangazi kile mama alikuwa akiamka saa kumi usiku kwenda kuchimba maji mtoni kwenye mchanga. Ukimwambia ampe mbuzi mtungi mmoja, umemwambia apunguze wa watoto au aongeze safari ya pili. Tumeona vitabu vinavyoshauri kumwagia paa maji mchana ili lipoe. Waliovitunga hawajawahi kubeba mtungi kwa ngele.

Kwa hivyo ushauri wetu ni huu, na wengine ofisini hawaupendi: kabla kikundi hakijagawa mbuzi wa maziwa, kamati iende nyumbani kwa kila mwanachama kuhesabu maji ya Februari na ya Septemba, si ya Aprili. Boma lisilo na mtungi mmoja wa ziada kwa siku lipewe Galla badala ya chotara. Maziwa yake ni machache, lakini yatatosha chai na uji wa mtoto, na mbuzi atakuwa hai Machi. Si aibu. Hata kituo cha utafiti cha Kiboko, kule Makueni, kimefanya kazi na Galla kwa miaka.

Maji yaliyopo yatumike vizuri. Mbuzi hapendi maji ya moto wala machafu, atakunywa kidogo aache. Weka ndoo kivulini, ifunge isipinduliwe, mpe asubuhi, adhuhuri na jioni. Mtungi ufungwe gunia lililoloweshwa kidogo, utashangaa ulivyo baridi. Maji ya kuoshea mboga na mchele, yasiyo na sabuni, ni yake. Jiwe la chumvi liwepo, kwani anapohema na kutoka jasho hupoteza chumvi pia.

SAA ZA KULA

Chakula kingi kiende saa za ubaridi. Alfajiri, na tena jioni kuanzia saa kumi na moja, na kingine kiachwe hori kabla ya kulala ili ale usiku na acheue bila kuteswa. Mchana apewe kidogo, kitu kibichi kama kipo. Wanaochungwa watoke saa kumi na mbili asubuhi, saa tano wawe chini ya mti, saa tisa na nusu watoke tena. Tulifundishwa kungoja umande ukauke kwanza, na ni kweli wakati wa mvua, kwa sababu vijidudu vya minyoo hupanda kwenye majani yaliyolowa. Lakini Februari umande uko wapi? Kungoja mpaka saa nne wakati huo ni kumpa mbuzi saa mbaya na kumnyima saa nzuri.

Taabu ni kwamba wachungaji wetu ni watoto, na saa kumi na mbili mtoto anakwenda shule. Kule Ikutha mabibi wakubwa na wazee wasiolima tena walipanga zamu, boma tano kwa kundi moja, kila mtu siku yake. Mzee aliyekosa zamu alitozwa jerikani ya maji. Hii sheria ya jerikani ilitungwa na Susu.

Kazi za kumsumbua mbuzi, kama kumpa dawa ya minyoo, kumchanja, kumkata kwato au kumhamisha, zifanywe mapema asubuhi. Na wanaofunga mbuzi miguu minne kwenye boda boda saa saba kumpeleka soko: mbuzi huyo anafika nusu ya bei, kama anafika.

KUHUSU YULE BEBERU

Tulisema mzee alikuwa amesimama na kofia yake. Kesi yake iliamuliwa hivi. Beberu akipatwa na joto kali, mbegu zake huharibika, ingawa yeye mwenyewe anapanda kama kawaida na anaonekana ana nguvu. Mbegu za mbuzi huchukua karibu wiki saba kutengenezwa, kwa hivyo joto la Januari huonekana kwa majike ya Februari na Machi. Si ugumba, na si uvivu wa mzee. Tuliomba kikundi kimpe beberu miezi miwili chini ya kivuli kizuri kabla ya kumhukumu. Wengine walinung'unika. Alihamishiwa chini ya mwembe, na majike yaliyopandwa mwezi wa Mei yalishika mimba, yote isipokuwa mmoja.

Jike mwenye mimba kubwa ndiye wa kuangaliwa kuliko wote. Akiteswa na joto miezi miwili ya mwisho, kitoto huzaliwa chepesi na maziwa huwa haba. Kama kivuli kizuri ni kimoja tu bomani, kiwe chake. Vitoto navyo visifungiwe mchana kwenye kasha au chini ya kapu lililofunikwa kwa kuogopa mwewe. Tumewahi kufunua kapu kama hilo.

AKIANGUKA

Mbuzi akianguka kwa joto, usimkokote mbali. Mletee kivuli alipo, hata shuka iliyoshikwa na watu wanne. Mwagia maji miguuni, tumboni na kichwani, maji ya kawaida, asiingie puani. Mpepee kwa nguvu na kifuniko au karatasi ngumu, maana upepo juu ya maji ndio unaopoza. Akiweza kumeza mwenyewe mpe maji kidogo kidogo, na unaweza kutia ule mchanganyiko wa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kulinganisha. Asiyeweza kumeza usimmwagie mdomoni, yataingia mapafuni. Kikundi chenye kipimajoto sandukuni kipime njia ya nyuma: akiwa juu ya 41 ni hatari kubwa, na akishuka karibu 39 na nusu acha kumwagia, asije akapoa kupita kiasi. Mwite afisa wa mifugo hata akiinuka.

Mmetuuliza ilikuwaje kwa wale mama wawili waliofiwa. Kikundi kilikaa vikao vitatu. Mwishowe walikubaliana kwamba hasara ilitokana na mchoro, si na mtu, kwa hivyo wawili hao waliandikwa tena kwenye orodha, namba moja na namba mbili. Waliokuwa wakingoja walisogea nyuma, na mmoja hakukubali, akajitoa na akiba yake. Susu alitoka namba tano akawa namba saba. Sisi ofisini tulilipia mbao za fito, si mbuzi. Baadhi yao bado wanatuambia ilikuwa haitoshi, na hatuwezi kusema wamekosea.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kila mmoja ahesabu pumzi za mbuzi wake alfajiri na saa nane mchana kwa siku tatu, aandike au amwambie katibu aandike. Ni boma gani lina tofauti kubwa kati ya alfajiri na mchana? Nendeni wote mkalione banda hilo saa nane, si jioni.

2. Katika boma zetu, ni nani anayebeba maji ya mbuzi? Je, yeye ndiye anayeuza maziwa?

3. Mbuzi wa mradi akifa, hasara ni ya nani? Je, katiba ya kikundi chetu inasema, au tunangoja afe ndipo tuulizane?

4. Ni mashauri gani tuliyopewa na wageni (nasi tukiwemo) ambayo hayafai mahali petu? Katibu ayaandike, tutayasoma tukija.